Wiki Nzima Bila Nyama

Jirani yangu wa nyumba ya chini anachemsha majani ya muhogo tangu asubuhi. Nimefunga dirisha, nikalifungua, nikalifunga tena, na ile harufu nzito ya kijani, yenye uchungu kidogo nyuma yake, imeingia vilevile. Siku nyingine ningeteremka kumsalimia nikijua atanikaribisha. Leo nimekaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Wiki iliyopita tulimzika Fina, mke wa baba yangu, na wanawake waliokuja msibani waliniuliza mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa, alipenda chakula gani. Nikawaambia sikumbuki. Uongo mtupu. Naweza kuwatajia alichopika Jumatatu hadi Jumapili bila kumeza mate. Ila nikitaja chakula itabidi nitaje na mengine, na mengine yananitia aibu mpaka leo, mtu mzima na mvi zangu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kigali miaka ile mtanielewa nikisema kwamba tulijifunza kushuku kabla ya kujifunza kugawanya. Sisi tulikaa Gatsata, juu ya barabara inayopanda kutoka Nyabugogo, kwenye ua wenye vyumba vya wapangaji wanne na bomba moja. Vita vilikuwa kaskazini, lakini minong'ono ilikuwa kwetu. Watu wazima walisikiliza redio kwa sauti ya chini, na ukikaribia na ndoo yako wanaanza kuzungumzia mvua. Tulifundishwa majibu. Ukiulizwa kama kwenu wamelala wageni, hujui. Ukiulizwa baba amekwenda wapi, kazini. Ukiulizwa mmekula nini, hilo lilikuwa la zamani kuliko vita: hutaji chakula, unasema tumeshiba, basi. Mtoto anayetangaza chungu cha kwao ni mtoto asiye na mama wa kumfunza.

Na mimi sikuwa na mama. Aliugua muda mrefu, macho yakawa ya njano, tumbo likajaa, na shangazi Venansia, dada mkubwa wa baba, akashuka kutoka Kagugu kuja kumuuguza. Alasiri moja shangazi alipika supu ya mbuzi jikoni nyuma ya ua, akaimimina kwenye bakuli, akaniambia nimpelekee mama na nihakikishe nimeifunika. Niliitoa jikoni imefunikwa. Katikati ya ua nikaondoa kifuniko nichovye kidole, maana nilikuwa na njaa na supu ilikuwa inanukia, kisha nikasikia mtu anakuja, nikafika kwa mama bakuli likiwa wazi. Mama alikunywa vijiko vitatu, akageukia ukutani. Kesho yake asubuhi alikuwa amefariki.

Mnajua kwetu maneno yanavyokwenda. Mtu akifa kabla ya kuzeeka, watu hawaulizi alikuwa na ugonjwa gani, wanauliza alikula nini mwisho na alipewa na nani. Chakula kilichopita wazi mbele ya macho ya watu ni chakula kilichokwisha kuingiliwa na sumu. Siku zote za msiba nilikaa chini ya meza kati ya miguu ya wanawake na kuwasikia wakiulizana hilo hilo. Nilijua jibu. Mkono ulikuwa wangu. Nilikuwa na miaka tisa na niliamini kabisa, bila chembe ya shaka, kwamba nimemuua mama yangu kwa kidole na bakuli lisilofunikwa.

Tangu hapo nyama haikupita kooni. Sikumwambia mtu. Nilitia kipande mdomoni, nikakisukuma shavuni, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kama kuna watu wengi nilikidondosha mfukoni mwa sketi ya shule na kukitupia mbwa baadaye, nikikumbuka.

Fina aliletwa kabla ya mwaka kwisha. Baba alikuwa dereva wa lori, na alimpata Bujumbura, kwenye njia zake. Alikuja na cherehani, godoro na masufuria mawili makubwa, akaweka cherehani barazani na kuanza kushona sare za watoto wa shule siku hiyo hiyo. Alizungumza Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa kwao Bujumbura, cha haraka, na Kirundi chake kilifanya watu bombani wageuze shingo. Mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, wakati kama ule! Shangazi yeye hakuhitaji kwenda bombani. Alikuwa ameshamtafutia kaka yake mchumba mwema wa parokia ya Kagugu, na kaka yake hakumuuliza hata siku moja. Alimtazama Fina kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, akasema karibu, kisha akanivuta nyuma ya nyumba.

Alinishika mabega. Akaniambia mimi sasa ndiye macho ya mama yangu katika nyumba ile. Nimwangalie mwanamke huyu anavyopika, na zaidi ya yote niangalie kama anaonja. Nilielewa. Kwetu mwenye nyumba akikuletea pombe ya mtama huivuta yeye kwanza mbele yako, ndipo akupe mrija. Watu wanaita heshima, lakini kila mtoto anajua ni ya nini. Asiyeonja mbele yako ana sababu zake.

Basi nikaanza kazi, na Mungu anisamehe, niliipenda. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikuwa na mtu mwingine wa kumtazama badala ya kujitazama mimi.

Mwezi wa kwanza Fina alipika kama watu wote, mchuzi wa nyama mara mbili kwa wiki baba akiwapo. Kisha asubuhi moja nikakuta karatasi imebandikwa kwa gundi ya ugali kwenye mlango wa jikoni. Ilikuwa nyuma ya kalenda ya zamani, na mwandiko wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya nguo. Jumatatu, maharage na viazi. Jumanne, dodo, ule mchicha wetu, na ugali wa muhogo. Jumatano, isombe na wali. Alhamisi, maharage na ndizi. Ijumaa, nyanya chungu za karanga. Jumamosi, boga na viazi vitamu. Jumapili, wali na njegere. Niliisoma kwa kidole mara mbili nikitafuta nyama. Hapakuwa na nyama, hata dagaa.

Mtu mwenye akili zake angeona mara moja ule ni mpango wa mwanamke mwenye kazi. Jumatatu alichemsha chungu kimoja kikubwa cha maharage, akayatoa tena Alhamisi. Alipanga mboga ambazo zingeweza kukaa juu ya makaa madogo wakati yeye anashona, chakula cha kuwasha na kuacha. Lakini mimi nilikuwa macho ya marehemu. Niliona mtu ambaye ameamua mapema, wiki nzima, nani atakula nini siku gani. Mama hakuwahi kuandika chakula. Mama alifungua kikapu akaona kuna nini. Anayeandika, nilijiambia, ana hesabu anayoifuata, kama muuguzi na vidonge vyake.

Na hakuonja. Huo ulikuwa ushahidi wangu mkubwa. Alitupakulia mimi na mdogo wangu Toto, akatuita, kisha akarudi kwenye cherehani na kula mwisho, peke yake, sahani juu ya goti, wakati sisi tumeshanawa. Siku hizi najua alionja jikoni, kwa kudondosha mchuzi kiganjani kama wapishi wote duniani. Najua pia kwamba alikula mwisho kwa sababu sisi tulikula vizuri zaidi asipokuwapo. Wakati ule nilihesabu tu: Jumatatu hajala kwanza, Jumanne hajala kwanza.

Jumatano ndiyo iliyonimaliza. Mama alikuwa hapiki isombe, yaani majani ya muhogo, mara nyingi, na alipopika alinunua majani yaliyokwisha kutwangwa sokoni Nyabugogo. Fina aliyachuma mwenyewe, akayatia kwenye maji ya moto, akayakamua kwa mikono miwili mpaka mishipa ikasimama, akayatwanga kwenye kinu. Maji yaliyobaki, ya kijani kibichi, aliyabeba kwa tahadhari hadi nyuma ya choo. Toto, ambaye alikuwa na miaka minne na mkono wa kugusa kila kitu, akamfuata. Nikamsikia Fina kwa masikio yangu haya.

"Hapana kugusa, Toto. Ile maji iko na sumu."

Kisha akafukuza kuku wa jirani wasikaribie, akarudi, akainjika chungu. Hakukifunika. Nilisimama mlangoni, namwangalia mtu anayejua kabisa kuna sumu, ameitaja kwa jina lake, na chungu chake anakiacha wazi uani. Ninyi mnaopika mnacheka. Mnajua majani ya muhogo lazima yapoteze ubaya wake kwenye mvuke, ukiyafunika unajifungia nao humo ndani. Mimi nilijua kitu kimoja tu kuhusu chakula kisichofunikwa.

Jioni ile sikula. Nilisema tumbo linauma. Toto alikula sahani yake na yangu, akalamba na kidole, na kesho yake alikuwa anaharisha. Alikuwa pia ameiba mapera mabichi kwenye mti wa wapangaji wa mwisho, na mimi nilimwona akiyala, lakini hilo sikulitia maanani. Nililiweka pembeni makusudi. Hapo ndipo penye aibu yangu, si pengine.

Jumapili baada ya misa nilipanda na shangazi hadi Kagugu, nikamwaga kila kitu. Nikamtajia chungu cha nyumba yetu siku kwa siku, mimi niliyefundishwa kusema tumeshiba. Karatasi, maji ya kijani, neno sumu, chungu wazi, kuharisha kwa Toto, kuonja ambako hakupo. Shangazi alikuwa mtu wa mlimani, wa maharage, viazi na mbogamboga za shambani kwake. Majani ya muhogo kwake yalikuwa ya mbuzi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Akanipa hindi la kuchemsha, na nikajisikia mtu muhimu sana.

Alisubiri baba arudi. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa, malori yalizungukia Rusumo, kwa hiyo zilipita kama wiki mbili. Wakati huo nilikula viazi vikavu na ndizi tu, vitu vyenye ganda, na Fina aliniona. Alianza kuniachia ndizi mbili pembeni ya jiko, hazijamenywa. Nikazishuku nazo, nikazila.

Baba alifika Jumamosi mchana, vumbi hadi kwenye kope. Shangazi aliingia kabla hajavua viatu. Walikaa sebuleni, baba kwenye kiti, shangazi kwenye kiti kingine, Fina kwenye kigoda karibu na mlango na kitambaa cha sare bado mkononi. Mimi niliambiwa nibaki. Toto alilala kwenye mkeka.

Shangazi alisema yote, kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyompa mimi. Kwamba watoto wa marehemu wamenyimwa nyama. Kwamba wanalishwa majani ambayo mpikaji mwenyewe anakiri yana sumu. Kwamba mdogo ameshaharisha na mkubwa amekuwa mifupa. Kwamba mwanamke haonji, na anaandika siku zake ukutani. Na akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba watu wa bombani wameanza kuuliza huyu wa Bujumbura aliletwa kufanya nini, na wakati kama huu swali kama hilo likifika mbali halirudi na jibu zuri. Baba alishika tama. Hilo la mwisho, nadhani, ndilo lililomwogopesha.

Alimuuliza Fina kuhusu majani. Fina akaeleza jinsi yanavyopikwa, kwa kifupi, kama anaelezea jinsi ya kutia uzi kwenye sindano. Akamuuliza kuhusu nyama. Fina akatazama kitambaa chake.

"Ni mimi nilipanga hivyo," akasema.

"Kwa sababu gani?"

Fina akainua macho akanitazama mimi, mara moja tu, bila hasira, akayashusha. Alijua. Sikujua alijuaje, lakini alijua kuna kitu kati yangu na nyama, na alikuwa amekaa pale anashtakiwa na mimi, na jibu lilikuwa ulimini mwake, na hakulitoa.

Baba alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alisema kuna mwenzake anakwenda Bujumbura na lori Jumatatu. Fina apande naye, akapumzike kwao kidogo, mpaka mambo yatulie. Kila mtu mle ndani, hata mimi, alijua kupumzika huko hakuna kurudi.

Fina aliinuka. Sikumwona akilia. Alikunja kitambaa, akamgeukia shangazi, na kwa sauti ile ile ya kazi akamwambia maharage ameshayaloweka. Toto asipewe mapera, ndiyo yaliyomharibu tumbo. Majani, kama watayapika, wasifunike chungu. Na nyama wapikiwe baba na Toto.

"Goda mumuache," akasema. "Musimulazimishe."

Goda ni mimi, Godelive. Shangazi akauliza niachwe kwa nini, mimi nina nini. Fina akajibu, "Mumuache tu," akaelekea chumbani kufunga vitu vyake.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama niliamua kusema. Sikuamua. Nilikuwa namwangalia mgongo wake unaingia chumbani, na nikaona wazi, kwa ile akili ya mtoto inayoona kitu kimoja tu kwa wakati, kwamba akiondoka atakuwa wa pili. Wa kwanza nilimpoteza kwa kufanya. Huyu nitampoteza kwa kunyamaza.

"Mimi ndiye sili nyama," nikasema. "Naitupa. Mimi ndiye nilimpelekea mama supu na sikuifunika."

Baba hakuelewa. Aliniambia nirudie. Nikarudia, na safari hii maneno yalitoka pamoja na kamasi na kila kitu: kidole, kifuniko, katikati ya ua, vijiko vitatu, wanawake wanaouliza nani alimpa. Nikasema na mapera pia, kwamba niliyaona. Fina alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, amenipa ubavu.

Baba alikuja akapiga magoti kwenye saruji mbele yangu, na vumbi lake la Rusumo. Akaniambia mama yangu alikuwa na ugonjwa wa ini. Daktari alimweleza yeye mwezi mzima kabla, na yeye hakutaka tujue.

"Supu haikufanya kitu," akasema. "Unanisikia? Haikufanya kitu."

Nilimsikia, lakini nilikuwa namtazama shangazi. Alikuwa ameketi vizuri tangu mwanzo, mgongo umenyooka, na sasa alikuwa amejikunja. Alisema kwa Kinyarwanda, polepole, kwamba supu ile aliipika yeye. Na yeye aliwasikia wanawake msibani. Tangu siku hiyo alidhani kila aliyeuliza swali lile alikuwa anamnyooshea yeye kidole. Watu wawili wa nyumba moja walikuwa wamebeba bakuli moja mwaka mzima, kila mmoja akimtafuta wa kumtwika. Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza maishani, na nilimwogopa kidogo pia, kwa sababu niliona tunafanana.

Fina hakupanda lori Jumatatu. Lakini msidhani alinikumbatia. Watu wanapenda kusimulia mambo haya kana kwamba machozi yakishatoka kila kitu kinakuwa sawa. Alikuwa amevunjika moyo na alionyesha. Siku tatu nzima alinipakulia bila kuniita jina. Nilijipitisha mbele ya cherehani, nikaokota sindano ambazo hazijaanguka. Nilipomuuliza alijuaje, alisema tu kwamba anafua sketi yangu kila Jumamosi, na mfuko wa sketi hausemi uongo. Mwanzoni alifikiri naficha chakula kwa sababu ya njaa. Kisha akaniona nikiwatupia mbwa. Akaona ni afadhali nyumba nzima isile nyama kuliko mimi niulizwe.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia baba. Alikata uzi kwa meno.

"Ilikuwa ni yako ya kusema," akasema, "si yangu."

Niliogopa sana siku hizo. Baba alikuwa ameshaondoka tena, na nilikuwa na hakika Fina anasubiri tu arudi ili aombe mwenyewe kwenda kwao. Usiku nililala nikisikiliza cherehani, na ikinyamaza naamka. Mtu aliyeshukiwa vile na mtoto wa nyumba anayomlisha, angebaki kwa lipi? Mimi nisingebaki.

Jumatano jioni, tukiwa tunakula isombe, na mimi nakula, akasema bila kunitazama kwamba kesho ana sare kumi na mbili za kumaliza. Kwenye karatasi imeandikwa maharage na ndizi. Nitapika mimi.

Sikuwahi kupika chungu kizima. Alhamisi nilirudi kutoka shule nikikimbia. Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, nikawasha mbabura, jiko letu la makaa, na karatasi za daftari, nikachanganya maharage, kitunguu, mafuta. Kila baada ya muda nilitoka kwenda barazani kumwangalia. Alikuwa ameinamia kazi yake, mguu unakanyaga, na hakuja jikoni hata mara moja. Hakuuliza nimetia nini. Nilitia chumvi. Nikasahau kama nimetia, nikatia tena.

Mvua ilianza, na pamoja na mvua akaingia shangazi, kapu la njegere kichwani limefunikwa kwa jani la mgomba. Hakuwa amefika tangu Jumamosi. Aliliweka kapu mbele ya Fina, akasema ni za Jumapili, Fina akashukuru, wakakaa wanatazama maji yanavyoshuka barabarani. Haikuwezekana kumwacha aondoke bila kula. Nilipakua sahani nne, nikazileta moja moja, nikampa shangazi kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa.

Shangazi alitazama sahani. Akauliza nani amepika. Nikasema mimi, peke yangu. Akaitazama tena, na najua hakukusudia ubaya, ilikuwa ni mazoea ya maisha yake yote yaliyotoka kabla hajayazuia.

"Onja kwanza, mwanangu."

Sijui kama mmewahi kuambiwa hivyo juu ya chakula mlichopika kwa mikono yenu, mkiwa na hamu ya kuwapendeza watu. Nilisimama pale na mikono yangu ya utomvu, na nikajua, hapo hapo na siyo kwa kuambiwa, nilimfanya Fina ameze nini kila jioni kwa wiki zote zile. Nilinyoosha mkono kuchukua kijiko.

Fina alikuwa ameshaanza. Alikuwa amechota kwa mkono kutoka sahani yake, tonge kubwa, la moto, akalitia mdomoni lote na kulitafuna akitazama mvua. Akameza. Akachota jingine.

"Chumvi imezidi," akasema, na akaendelea kula.

Alikula mpaka nusu ya sahani bila kusimama, akamwambia Toto ale, dada yake amepika. Mimi nilibaki nimesimama na kijiko, nalia bila sauti, na hakuna aliyenikataza. Shangazi alitutazama sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu. Kisha akakunja mikono ya gauni lake, akaninyooshea viganja vyote viwili nimmiminie maji ya kunawa.